Kosa la Ulevi na Leseni ya Vileo: Mfano wa Kitui na Makueni

Makala haya yanachunguza swali ambalo aghalabu hupuuzwa hadi siku mwenye baa anapoitwa mbele ya kamati ya leseni: je, mtu aliyetiwa hatiani kwa ulevi wake mwenyewe aweza kukabidhiwa kibali cha kuwauzia wengine kileo?

Swali hili si geni Ukambani. Jadi, uki, yaani pombe ya asali au ya miwa, ulikuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na cha tambiko. Vijana hawakuruhusiwa kuugusa. Biashara ya vileo ilipostawi katika miji kama Mwingi, Wote, Emali na Mtito Andei, kazi ya kuamua nani auze na nani asiuze ilikwisha kutoka mikononi mwa wazee na kuingia katika sheria. Sheria kuu ni ile ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Katiba ya mwaka huo huo iliyapa magatuzi mamlaka ya kutoa leseni, na tangu 2013 kaunti zimekuwa zikijitungia sheria zake, aghalabu kwa kufuata kielelezo cha ile ya kitaifa. Uzito wa jambo hili ulidhihirika Mei 2014, pombe yenye sumu ilipoua makumi ya watu nchini, wakiwemo wakazi wa Kitui na Makueni.

Sheria ya 2010 inalitaja kosa la ulevi waziwazi. Anayepatikana hadharani akiwa amelewa hata hajiwezi, au amelewa na kuzua fujo, hutozwa faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Akirudia zaidi ya mara tatu katika miezi kumi na miwili, hakimu anaweza kuamuru apelekwe kwenye matibabu ya kuacha pombe kwa gharama yake mwenyewe.

Shilingi 500 ni kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa mwombaji mpya, sheria inasema kamati haitatoa leseni kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote chini ya sheria hiyo. Kwa aliye na leseni tayari, ambayo hudumu mwaka mmoja tu, inasema kamati inaweza kukataa kuihuisha. Mwanafunzi wa lugha hana budi kusita kidogo kwenye vitenzi hivi. "Haitatoa" hufunga mlango. "Inaweza kukataa" huuacha wazi na kuitaka kamati ipime. Hivyo basi watu wawili waliokamatwa usiku mmoja, katika mtaa mmoja, na kulipa faini ile ile, wanaweza kupata hatima mbili tofauti.

Chukua mfano wa kubuni wa kijana wa Kibwezi anayeweka akiba ili afungue baa. Amekamatwa Ijumaa, na Jumatatu anasomewa shtaka kortini. Anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Anajibu, "Ni kweli," analipa na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, mahakama zinatakiwa kumweleza mshtakiwa kila kiungo cha kosa kwa lugha anayoielewa, na Katiba inampa haki ya mkalimani bila malipo. Hata hivyo, leseni haimo katika shtaka. Maneno yale mawili yamekuwa hukumu, na hukumu hiyo huenda ikamsubiri miaka mitano baadaye.

Kuendesha gari ukiwa mlevi ni kosa baya zaidi machoni pa wengi, lakini limo katika Sheria ya Trafiki. Kwa hiyo halimgusi mwombaji kwa njia ile ile. Humzuia moja kwa moja tu iwapo alifungwa zaidi ya miezi sita bila kupewa nafasi ya kulipa faini. Yamkini hili ni pengo: aliyeyumbayumba kwa miguu akielekea kwake anafungiwa mlango, ilhali aliyeyumbisha gari kwenye barabara kuu ya Mombasa akatozwa faini anaweza kupenya.

Anaweza, ila si hakika, kwa kuwa kamati ina haki ya kumtaka mwombaji athibitishe kwamba ni mtu wa tabia njema, na sheria haifafanui tabia njema ni ipi. Cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai huonyesha hukumu za mahakama. Hakionyeshi yanayojulikana na majirani. Hayo hufika kwa njia nyingine, kwani maombi mapya hutangazwa na wakazi wana haki ya kuyapinga.

Kuna wanaodhani kuwa aliyekataliwa anaweza kuinunua baa ya mwingine pamoja na leseni yake. Sheria imeliona hilo pia: masharti yanayomzuia mtu kupewa leseni mpya ndiyo yanayomzuia kuhamishiwa iliyopo.