Sosholojia ya kidato cha sita: jina la somo na istilahi zake

Nchini Uingereza, mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 aweza kuchagua sosholojia kuwa mojawapo ya masomo yake, kwa kawaida matatu, katika ngazi inayolingana na kidato cha tano na cha sita cha Tanzania. Anayetoka katika familia ya Waswahili na kutaka kulieleza somo hilo nyumbani hukwama kwanza kwenye jina.

Akisema anasoma *maarifa ya jamii*, mzazi aliyesomea Tanzania atalikumbuka somo la shule ya msingi. Akisema *ustawi wa jamii*, atadhaniwa anajiandaa kuhudumia yatima na wazee, nayo ni taaluma nyingine. *Elimujamii* limeundwa vizuri, kwa mfano wa *isimujamii*, ila masikioni linakaribiana mno na *maarifa ya jamii*. *Sosholojia* (pengine *sosiolojia*) halichanganywi na lingine, na ndilo la kupendelewa.

Istilahi za ndani ya somo zina ugumu zaidi. Katika mtaala wa bodi ya AQA ulioanza kufundishwa mwaka 2015, mtihani una karatasi tatu za saa mbili kila moja. Ya kwanza huhusu elimu, ya tatu uhalifu na ukiukaji wa kaida. Miongoni mwa mada za hiari za karatasi ya pili imo familia na kaya, na hapo Kiswahili humpunguzia mwanafunzi kazi. *Kaya* ni watu wanaoishi na kula pamoja, wawe ndugu au wasiwe. Vijana watatu waliopanga nyumba moja ni kaya, si familia. Aliyepata kuhesabiwa katika sensa Tanzania anamjua *mkuu wa kaya*. (Kaya za Wamijikenda, yaani makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, ni habari nyingine.) *Jamaa* halifai katika insha ya aina hii, kwani hutaja ndugu na papo hapo hutaja mtu yeyote apitaye njiani.

Neno lenye mjadala mkubwa ni *tabaka*. Kiingereza hutumia neno moja kwa tabaka na kwa darasa, hivyo tafsiri ya haraka huweza kuwageuza watoto wa tabaka la wafanyakazi kuwa wanafunzi wa darasa fulani. Isitoshe, Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alitilia shaka kama lugha yoyote ya asili ya Kiafrika ina neno lenye maana hiyo. Ni kweli kwamba *tabaka* lina asili ya Kiarabu. Hata hivyo, miji ya pwani iliwatenga *waungwana* na *watumwa* kwa maneno yaliyoeleweka na kila mtu.

Je, *uungwana* ni tabaka? Max Weber, ambaye mwanafunzi wa ngazi hii hana budi kumsoma, alitofautisha tabaka, linalotokana na nafasi ya mtu katika soko, na *hadhi*, yaani heshima anayopewa na wenzake. Uungwana haukupimwa kwa mali pekee. Nasaba na mwenendo vilihesabiwa pia. Kwa kipimo cha Weber uko karibu zaidi na hadhi, na mwanafunzi anayeandika *tabaka* kwa dhana zote mbili atakuwa ameifuta tofauti ambayo swali la mtihani humtaka aieleze.