AKIRUDI KUTOKA MACHIMBONI, MPENI KWANZA PA KULALA

Ndugu msomaji, je, katika kijiji chako yupo mtu asiye na pa kulala? Fikiri kabla ya kujibu. Labda yupo, nanyi mmekwisha mzoea.

Mimi ni bwana shamba. Zamani nilifanya kazi katika kijiji kimoja cha Shinyanga. Mwanamume mmoja alirudi hapo kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Wazazi wake walikwisha kufa, na nyumba yao ilikwisha anguka. Tena alikuwa mlevi. Tulimwambia, "Acha pombe kwanza, ndipo tutakutafutia mahali." Hata mimi nilisema hivyo.

Akalala barazani mwa ghala la pamba. Mvua zilinyesha, watu wakalima. Nilimpelekea mbegu za choroko. Akaniuliza, "Bwana shamba, nitaziweka wapi?" Sikuwa na jibu. Baada ya siku chache hakuonekana tena.

KWA NINI ANARUDI MIKONO MITUPU?

Katika machimbo kama Nyarugusu na Rwamgasa, wachimbaji wadogo wengi hawana mshahara. Wanagawana mifuko ya mawe. Mawe yakikosa dhahabu, hakuna malipo. Wengi hulala katika vibanda vya turubai.

Wengine hurudi na ugonjwa. Vumbi la mawe huharibu mapafu. Mapafu yaliyoharibika hushikwa upesi na kifua kikuu. Zebaki nayo hudhuru mishipa ya fahamu, hata mikono ikatetemeka. Basi usiseme haraka kwamba mtu huyu ni mvivu.

NYUMBA KWANZA

Mwaka 1992, mjini New York, Marekani, shirika moja lilianza kuwapa nyumba watu waliolala barabarani. Hawakuambiwa waache pombe kwanza. Walipewa nyumba, kisha wasaidizi wakawatembelea. Wengi wao hawakurudi barabarani. Nchi ya Ufini, huko Ulaya, ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2008. Idadi ya watu wasio na nyumba ikapungua.

Sababu ni rahisi kuielewa. Mtu asiye na mlango hapati usingizi. Hawezi kutunza dawa, mbegu wala jembe. Ukimpa mlango, umempa mahali pa kuanzia.

FANYENI HIVI

1. Mpeni chumba. Kiwe na mlango wa kufunga na dirisha la kupitisha hewa. Mwenyekiti wa kitongoji ajue nani anamtunza.

2. Mpelekeni zahanati. Akikohoa wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure. Kwa kawaida humezwa kwa miezi sita bila kukatiza.

3. Asiachwe peke yake. Jioni mwiteni kwenye shikome, aote moto na kula na wenzake. Asiyecheka na mtu hurudi kwenye pombe.

4. Mpeni kipande cha shamba. Aanze na choroko, maana huvunwa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Apande na viazi vitamu, apate chakula na michembe ya akiba. Msimgeuze kuwa mchungaji wa bure. Akifanya kazi yako, mlipe.

5. Msaidieni kupata kiwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji. Akisha kuvuna, afyatue matofali, na majirani wamsaidie kujenga.

Msaada upungue kidogo kidogo. Mwanzoni mpeni chakula. Akivuna, ajilishe. Akijenga, ahame. Lakini msimfukuze kwa sababu amelewa siku moja. Mwonyeni, kisha mwacheni alale ndani.

Ndugu msomaji, siku atakapofunga mlango wa nyumba yake mwenyewe, kijiji kimepata mkulima. Mimi bado nalikumbuka swali lile: "Nitaziweka wapi?" Leo ningemjibu, "Kwanza njoo nikuonyeshe chumba."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtu apewe mahali pa kulala kabla ya kuacha pombe?
2. Katika kitongoji chenu, ni chumba gani kinachokaa bure?
3. Nani atakuwa wa kwanza kumtembelea?