Blanketi la Kroshia: Maneno ya Mwanga na Ujiji Kwenye Mizani

Shika uzi na sindano ya kroshia popote kati ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, utapata walimu kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Shangazi ana lake, jirani ana lake, na muuza nyuzi naye ana lake, ingawa yeye tunajua anatafuta nini. Baadhi ya maneno hayo ni hazina. Mengine yamewafanya watu waache blanketi njiani na kuligeuza kitambaa cha kufunikia redio. Hakika umeyasikia, basi tuyapime.

"Kigoma ni joto, blanketi la nini?"

UONGO. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wetu si usiku wa Dar es Salaam. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma ziwani, Kibirizi na Katonga watu hujikunyata. Ukipanda Manyovu au Kasulu, swali lenyewe litakufa mdomoni. Na aliyewahi kulala sitahani katika meli ya MV Liemba hahitaji ushahidi wangu. Wanachosema kweli ni kwamba blanketi zito la dukani hutoa jasho huku chini ufukweni. La kroshia lina matundu, linapitisha hewa, na hapo ndipo linapolishinda.

"Anza na vitambaa vya makochi, blanketi ni la mafundi."

UONGO, na kati ya yote haya ndio uliokatisha tamaa wengi zaidi. Vitambaa vile vyeupe vinavyopendezesha sebule hufumwa kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano nyembamba ya chuma, ya milimita moja na kitu. Kishono hakionekani vizuri, macho yanauma, na ukikosea hujui umekosea wapi. Kisha kuna maua, duara na pembe za kuhesabu. Kumpa anayeanza kazi hiyo ni kumwingiza ziwani Septemba yenye mawimbi ili ajifunze kuogelea.

Blanketi la mwanzo ni mistari iliyonyooka tu, unakwenda na kurudi. Chukua sindano ya milimita 5 na uzi mnene wa sweta, wa rangi ya kung'aa au iliyopauka. Nyeusi iache, inaficha vishono. Fuma cheni 102. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, chomeka kwenye cheni ya nne kutoka kwenye sindano, vuta uzi, halafu upitishe kwenye vitanzi viwili, na viwili tena. Hicho ni kishono kimoja. Endelea hivyo hadi mwisho: zile cheni tatu ulizoziruka zinahesabiwa kuwa kishono cha kwanza, kwa hiyo utakuwa na 100. Geuza kazi, fuma cheni tatu za kupanda, anza mstari mwingine. Hakuna siri nyingine. Vitambaa vya makochi vina heshima yake, lakini vije baadaye, mkono ukishazoea.

"Limeanza mraba, limekuwa pembe tatu. Kuna mtu ana jicho."

UONGO. Mwenye jicho angeanza na gari la jirani. Blanketi hupungua upande kwa sababu moja ya kawaida kabisa: kishono cha mwisho cha kila mstari kinatakiwa kiingie juu ya zile cheni tatu za mstari uliopita, na anayeanza hakioni, anageuza kabla ya kukifuma. Mstari mmoja ukipoteza kishono kimoja, mistari 20 imepoteza 20. Likipanuka badala ya kupungua, unachomeka mara mbili mahali pamoja. Dawa ni pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kishono cha kwanza na cha mwisho, pamoja na kuhesabu mwisho wa kila mstari. Wasioamini kuhesabu ndio hasa wanaoamini husuda.

"Kaza uzi, ukikaza linapasha joto."

UONGO. Kinachokupasha joto ni hewa iliyotulia ndani ya uzi na kati ya vishono. Ukikaza unaibana hewa nje, unapata kitu kigumu kisichokunjika kumfuata mtu anayelala. Uzi upite mkononi bila kuvutwa. Kama mkono wako ni mzito kwa asili, usigombane nao, panda hadi sindano ya milimita 6. Ila usizidishe: matundu ya kupitisha kidole yatapitisha na upepo wa ziwa.

"Huu uzi ni sufu halisi ya kondoo."

MARA NYINGI UONGO. Mabonge mengi ya rangi rangi yanayouzwa kwa jina la sufu ni akriliki, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Soma lebo. Kama haina lebo, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, kiwashe. Sufu halisi hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Pamba hunuka karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Akriliki si mbaya, nisieleweke vibaya. Ni laini, ni rahisi kufua, na bei yake inamfaa anayeanza. Ila haipatani na moto. Usilale na blanketi la akriliki karibu na kibatari au jiko la mkaa, na usilipige pasi ya moto, litalala bapa na halitainuka tena.

"Uzi ukiisha nitaongeza, rangi ni ileile."

UONGO. Kiwanda hutia rangi kwa mikupuo, na bluu ya mkupuo huu si bluu ya ujao. Kwenye lebo kuna namba ya mkupuo; mabonge yote yawe na namba moja. Blanketi la mtoto la sentimita 75 kwa 90 hula gramu 400 hadi 500, yaani mabonge 8 hadi 10 ya gramu 50. Nunua yote siku moja.

"Usimfumie mtoto kabla hajazaliwa, ni kumtangulia Mungu."

UONGO, tena kwa hesabu tu: anayeanza atatumia wiki kadhaa kwa blanketi hilo, na mtoto hatasubiri. Kliniki zenyewe humwambia mama mjamzito aandae kanga na vitenge mapema, na blanketi halina dhambi kuliko kanga. La kuogopwa ni jingine. Matundu makubwa hunasa vidole vidogo, kwa hiyo la mtoto mchanga lifumwe kwa vishono vifupi vilivyokaribiana, na lisifike usoni anapolala.

"Mtoto mchanga afunikwe kichwa."

KWELI. Hapa bibi zetu walikuwa mbele. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo. Shirika la Afya Duniani nalo linaelekeza akaushwe mara tu anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na avishwe kofia. Bonge moja la uzi linatosha kofia.

"Ukilifua, usilitundike kambani."

KWELI, na sikiliza kabisa. Blanketi lililolowa ni zito, na vishono vyake hurefuka kwa uzito huo. Ukilitundika mraba litashuka mstatili. Likamue kwa kulikandamiza ndani ya taulo, bila kulisokota, kisha lilaze kwenye mkeka kivulini. Na mkeka huo, tafadhali, usiwe karibu na vichanja vya dagaa. Hilo halihitaji utafiti.

"Ni kazi ya wanawake."

UONGO. Nenda Kibirizi mchana, wakati mitumbwi imepumzika, uone wanaume wanavyoketi na nyavu magotini wakiziba matundu kwa uzi na kijiti. Mikono hiyo ikishika sindano ya kroshia itakuwa na faida juu yetu wengine. Waonywe jambo moja tu: fundo la wavu likikatika yale mengine hubaki, lakini vitanzi vya kroshia vimeshikana, na ncha isiyofungwa vizuri ikivutwa hufumua kazi nzima. Acha ncha ya sentimita 15, uirudishe ndani ya vishono mbele na nyuma, ndipo ukate.

"Mashine haiwezi kufuma kroshia."

KWELI, angalau viwandani. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu mashine za kufuma sweta zimekuwepo muda mrefu. Lakini kroshia humaliza kila kishono peke yake kabla ya kuanza kinachofuata, na mpaka leo viwanda huiga sura yake tu kwa ufumaji wa aina nyingine. Blanketi la kroshia halisi unaloliona limepangwa sokoni limefumwa na mtu. Lile la mistari 70 yenye vishono 100 lina vishono 7,000, kila kimoja kimepita mkononi mwake. Mama akikutajia bei, usimwambie akupunguzie nusu.