Mzee Anaposhindwa Kukojoa

Labda unamjua mzee anayeamka mara tano usiku kwenda kukojoa. Husimama muda mrefu. Mkojo hutoka kidogo, hukatika, kisha hudondoka. Watu husema ni uzee tu, au karogwa. Mara nyingi ni tezi dume.

Tezi hii iko chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anayo. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Kwa kijana ni kama ndimu ndogo. Baada ya miaka 50 hukua kwa wanaume wengi, ikaibana njia ya mkojo.

Siku nyingine mkojo hufunga kabisa. Tumbo la chini hujaa na kuuma sana. Mkojo ukizidi kukaa, figo huharibika. Mtu akipatwa hivyo kisiwani Ukerewe, asingoje meli ya kesho ya Mwanza. Apelekwe kwanza hospitali ya Nansio. Huko hutiwa mpira wa mkojo, akapata nafuu papo hapo. Ndipo asafiri.

Akiona damu katika mkojo, apimwe pia kichocho. Ugonjwa huo uko kwetu Usukumani.

Wengine hupata nafuu kwa vidonge. Wengine hupasuliwa, kwa mfano katika Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 kilimani Mwanza. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Daktari aweza kupasua chini ya kitovu, akatoa nyama ya ndani ya tezi, kama unavyotoa chungwa ukaacha ganda. Au hupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo, akaikwangua nyama hiyo kwa umeme. Hapo hakuna kidonda cha nje.

Wanaume wengi huogopa, wala hawasemi wanaogopa nini. Wanadhani watahasiwa. Hapana! Korodani haziguswi. Wengi huendelea na unyumba kama zamani. Lakini mara nyingi mbegu hurudi kibofuni, zikatoka na mkojo. Haidhuru mwili. Ila anayetaka bado kuzaa amwambie daktari kabla ya kupasuliwa.

Mpira hukaa siku chache, na mkojo huwa mwekundu kidogo. Kwa wiki sita hivi asivute nyavu wala kusukuma mtumbwi. Nyama iliyotolewa hupimwa maabara, kwa maana saratani nayo huota katika tezi hii. Majibu yafuatwe, hata kama mzee anajiona mzima.