Masharubu ya amri: Fasheni iliyozaliwa na vita ikauawa na vita



Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo baadhi watalihesabu kuwa dogo, nalo ni masharubu. Si masharubu ya mtu mmoja, bali ya jeshi zima la Uingereza, ambalo kwa takriban nusu karne lilimkataza askari wake kunyoa mdomo wa juu. Habari yake ina mazingatio kwa kila mwenye kuzingatia, na hususan kwa vijana wetu.

Chimbuko lake

Mwanzoni mwa karne ya 19 askari wengi wa Uingereza walikuwa wakinyoa uso mzima. Masharubu yalihesabiwa kuwa mambo ya kigeni, na yalionekana zaidi katika vikosi vichache vya wapanda farasi. Mabadiliko yalianzia Bara Hindi. Huko maofisa wa Kampuni ya India ya Mashariki walijikuta wakitawala watu ambao kwao nywele za uso ni alama ya uanaume na heshima, wawe Waislamu, Wahindu au Masingasinga. Mtawala akachelea kudharauliwa na mtawaliwa. Mwaka 1854 jeshi la Kampuni katika jimbo la Bombay likawaagiza askari wake wa Kizungu wafuge masharubu. Tuzingatie hapo: aliyeshinda kwa bunduki ndiye aliyeiga uso wa yule aliyemshinda.

Wakati huohuo vilikuwa vikipiganwa Vita vya Crimea (1853–1856), ambamo Uingereza, Ufaransa na Dola ya Uthmaniya zilikabiliana na Urusi. Katika baridi kali ya mwaka 1854 kuingia 1855 maji ya moto na sabuni vilikuwa adimu, na askari wakaruhusiwa kuacha ndevu. Waliporejea nyumbani wakiwa na ndevu nzito, watu waliwaona mashujaa, na wanaume wa mijini wakaanza kuwaiga. Hivyo ndivyo fasheni inavyozaliwa: askari aliacha kunyoa kwa kukosa maji, na raia mwenye maji tele akaacha kunyoa ili afanane na askari.

Kanuni ya Malkia

Baada ya vita jeshi liliziondoa ndevu na kuyabakiza masharubu. Kuanzia miaka ya 1860 Kanuni za Malkia ziliagiza kwamba kidevu na sehemu iliyo chini ya mdomo vinyolewe, lakini mdomo wa juu usiguswe na wembe.

Msomaji Muislamu hapa atatabasamu. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kama yalivyopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, ni kuyapunguza masharubu na kuziachia ndevu. Kanuni ya Malkia iliamuru kinyume chake kabisa. Hatusemi kwamba walikusudia kupingana na mafundisho hayo. Tunasema tu kwamba hao walikuwa na amri ya mkubwa wa jeshi, na amri hiyo haikuwa na mzizi zaidi ya hapo.

Fasheni ikanawiri. Wanaume walipaka nta ili ncha za masharubu zisimame, na wafinyanzi wakatengeneza vikombe vyenye kidaraja ukingoni ili chai ya moto isiyeyushe nta hiyo. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, picha iliyowaita vijana wa Uingereza jeshini ilikuwa ya Lord Kitchener, waziri wa vita, akinyoosha kidole chini ya masharubu mapana. Kitchener huyo si mgeni katika historia yetu: mwaka 1885 alikuwa mjumbe wa Uingereza katika tume iliyochunguza mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar.

Anguko lake

Vita iliyoyakuza masharubu ndiyo iliyoyaangusha. Walioitikia wito walikuwa vijana wa mitaani, na wengi wao walikuwa hawajaota hata unywele wa maana mdomoni. Wakaingia katika mahandaki ya matope na chawa. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, na tangu hapo uhai wa askari ukategemea barakoa inayoshika uso barabara bila upenyo. Ndevu nyingi huacha upenyo huo. Wembe ukawa sehemu ya silaha.

Askari wengi, maofisa wakiwemo, wakaanza kuipuuza kanuni. Jeshi likajikuta katika hali ya ajabu. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa. Lakini hata wakati huo kosa la kunyoa mdomo wa juu lilikuwa bado kosa katika vitabu vya jeshi. Mapigano hayo yalikuwa bado yanaendelea pale kanuni ilipofutwa kwa amri ya Oktoba 1916, iliyotiwa saini na Jenerali Nevil Macready, msimamizi wa mambo ya askari na nidhamu. Yeye mwenyewe alikuwa akiyachukia masharubu yake, na baada ya kutia saini alikwenda kwa kinyozi akayanyoa.

Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza kwa kampuni ya Gillette nyembe takriban milioni tatu na nusu kwa ajili ya askari wake. Waliporejea, walirudi na mazoea ya kunyoa kila siku, na raia wakawaiga tena, kama walivyoigwa wale wa Crimea, ila safari hii kwa kunyoa.

Gurudumu halikusimama hapo. Mwezi Machi 2024 jeshi la nchi kavu la Uingereza liliwaruhusu askari na maofisa wote kufuga ndevu zilizotunzwa vizuri. Kabla ya hapo ruhusa hiyo ilikuwa ya wachache tu, wakiwemo Waislamu na Masingasinga kwa sababu ya dini zao. Wao hawakuhitaji kungoja zamu ya fasheni.

Mazingatio

Ndugu msomaji, usidhani kwamba tumeyasema haya ili tuwacheke Waingereza. Baadhi ya vijana wetu hufuga ndevu kwa kuwa wameona picha za wapiganaji wa vita vya mbali wakapendezwa na sura zao. Tunawaambia kwa upole: ndevu za namna hiyo ni ndevu za Crimea. Zitadumu kadiri picha zitakavyodumu. Anayefuata Sunna huzifuga kwa nia iliyo safi, hazitumii kumtisha mtu wala kupimia imani ya jirani yake, na zinapomzuia kuokoa uhai, kama barakoa ya gesi ilivyowalazimu askari wale, anaijua kanuni ya mafakihi kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa.

Basi kila mmoja wetu asimamapo mbele ya kioo ajiulize: hili ninalolifanya, nalifanya kwa ajili ya nani? Jibu hilo ndilo litakalobaki wakati amri na fasheni zimekwisha.

Wabillahi tawfiq.