Tamthilia ya Nabii Yusuf: yule mfalme wa Misri alikuwa nani?

Ukiwa mpenzi wa kibanda umiza hapa Nachingwea au Ruangwa, au una kadi ya memori iliyopita kwenye simu za watu wengi, huenda umeiona tamthilia ya Nabii Yusuf iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilitengenezwa Iran, ikaanza kuonyeshwa huko mwaka 2008, na ina sehemu 45. Imeliza watu wengi. Imezua ubishi pia, hasa huu: je, mfalme yule wa Misri aliacha kweli miungu yake akamfuata Mungu wa Yusuf? Mmoja anasema hiyo ni sinema tu. Mwenzake anajibu, "Mimi nimeona kwa macho yangu."

Alichokiona ni waigizaji. Lakini si kila walichoigiza ni cha kubuni, na hapo ndipo penye kazi. Hatugusi imani ya mtu. Tunataka tu kutenganisha yaliyomo kwenye vitabu vya dini, yaliyochongwa kwenye mawe ya Misri, na yaliyoongezwa ili mchezo unoge.

Tuanze na jina la mfalme. Qurani, katika Sura Yusuf, inamwita mfalme tu. Haimwiti Firauni kama inavyomwita yule wa wakati wa Musa. Biblia inamwita Farao, nayo haitoi jina. Neno hilo kwa Wamisri lilikuwa na maana ya "nyumba kubwa", yaani jumba la mfalme, kisha likawa linamtaja mfalme mwenyewe, kama sisi tunavyosema "Ikulu imetangaza" bila kufikiria kuta.

Basi waliotunga tamthilia walipaswa kutafuta mtu wa kumvika taji. Walimchagua Amenhotep wa Nne, aliyejibadilisha jina akawa Akhenaten. Huyu ni mtu wa kweli. Alitawala miaka 17 hivi, kuanzia miaka ya 1350 KK. Unaweza kuona kwa nini alichaguliwa: katika wafalme wote wa Misri ya kale, ndiye aliyeipa kisogo miungu mingi ya nchi akatukuza mmoja. Ugomvi mnaouona kwenye tamthilia kati ya ikulu na makuhani wa Amuni haukubuniwa. Akhenaten aliagiza jina la Amuni lifutwe kwenye mahekalu, akahama mji mkuu na kujenga mwingine jangwani, mahali panapoitwa leo Amarna.

Ila mungu aliyemtukuza aliitwa Aten, nalo lilikuwa duara la jua. Kwenye michongo, miale yake inashuka ikiishia na viganja vya mikono, vikimpa uhai mfalme na mkewe Nefertiti. Mtu wa kawaida alimfikia Aten kwa kupitia kwa mfalme. Hiyo iko mbali sana na dini ya Yakobo na wanawe. Na Yusuf mwenyewe hatajwi kwenye maandishi yoyote ya Kimisri yaliyopatikana, ya Akhenaten au ya mfalme mwingine. Wapo wataalamu wanaoona kisa chake kinafaa zaidi karne mbili tatu kabla, wakati wafalme wageni kutoka upande wa Kanaani walipoishika Misri ya kaskazini. Kwa hiyo kumweka Yusuf mbele ya Akhenaten ni uamuzi wa mtunzi.

(Sanamu maarufu ya kichwa cha Nefertiti ilifukuliwa Amarna na Wajerumani mwaka 1912. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanachimba mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, hapa kwetu Lindi. Vyote viwili viko Berlin hadi leo.)

Zuleikha je? Jina hilo halimo kwenye Qurani wala Biblia. Qurani inasema mke wa Azizi, Biblia inasema mke wa Potifa. Jina, na kile kisa cha kurudishiwa ujana hadi akaolewa na Yusuf, vimetoka kwenye masimulizi ya baadaye, ambayo washairi wa Uajemi waliyapenda mno. Ukisoma Mwanzo, mke wa Yusuf ni Asenathi, binti wa kuhani wa Oni.

Yale maghala ya nafaka yana ukweli mwingi. Mmisri hakulima kwa kutegemea mvua kama sisi. Alingoja Mto Nile ufurike, na ukishindwa kufurika, njaa iliingia. Vibarua walilipwa nafaka, mkate na pombe, kwa hiyo aliyeshika ghala aliishika nchi. Magofu ya maghala ya matofali ya udongo bado yapo nyuma ya hekalu la Ramses wa Pili huko Luxor. Na kwenye kisiwa cha Sehel, karibu na Aswan, kuna jiwe linalosimulia njaa ya miaka saba enzi za mfalme Djoser. Linasomeka kama ushahidi wa aliyeshuhudia, kumbe lilichongwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya Djoser kufa. Wamisri nao walitunga tamthilia zao.

Hata kwetu imefanyika. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alipoandika mchezo wa Kinjekitile uliochapwa mwaka 1969, alieleza waziwazi kwamba Kinjekitile wake si yuleyule wa Vita vya Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, na kwamba historia ilipombana aliazima kutoka kwenye fikra zake. Tunapenda ukweli wa namna hiyo. Laiti tamthilia zote zingeanza hivyo.

Akhenaten alipokufa, mambo yake hayakudumu. Kijana Tutankhaten aliyekuja kutawala alibadili jina akaitwa Tutankhamun, Amuni akarudishiwa mahekalu yake, na ule mji wa jangwani ukahamwa. Miaka kama 50 baadaye, mfalme Seti wa Kwanza alichonga orodha ya wafalme waliomtangulia kwenye ukuta wa hekalu lake huko Abydos. Akhenaten hayumo.