Mchanga Mweusi wa Nyeri na Mwitikio wa Sumaku

Kabla ya jembe la dukani kuenea Nyeri na Murang'a, wahunzi wa Wagikuyu walipata chuma kutokana na mchanga mweusi uliooshwa vijitoni. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliieleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Mchanga wa aina hiyo aghalabu huwa na magnetiti, oksidi ya chuma inayonaswa na sumaku. Mtoto akiburura sumaku ya spika mbovu barabarani baada ya mvua, huirudisha nyumbani ikiwa imeota ndevu.

Je, kunaswa huko hutoka wapi? Sumaku ya spika huonyesha jumla tu. Mwitikio wa sumaku huhoji elektroni na viini vya atomu. (Neno 'mwangwi' lingeweza kupendekezwa, ila mwangwi ni sauti inayorudi, hapa pana mwito na mwenye kuitika.) Elektroni, mfano wa pia, huyumba katika uga wa sumaku: penye tesla 1, takriban mara bilioni 28 kwa sekunde. Wimbi lenye mitikisiko ya idadi iyo hiyo likipita, elektroni hufyonza nishati yake, kama bembea ipokeavyo msukumo uliokuja kwa wakati.

Yevgeny Zavoisky aliliona jambo hili Kazan mwaka 1944, katika chumvi za metali. Mwaka 1946 J. H. E. Griffiths wa Oxford alilijaribu kwenye tabaka jembamba la chuma, kobalti na nikeli. Uga uliohitajika ukawa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Charles Kittel ndiye aliyekitegua kitendawili: katika chuma elektroni zimeshikamana, na usumaku wao wenyewe, kwa kufuata umbo la kipande, huingia katika hesabu. Chuma kilekile kikiwa bamba hujibu hivi, kikiwa tufe hujibu vingine.

Shaba hainaswi na sumaku, lakini si bubu. Mwaka 1949 Walter Knight aligundua kuwa viini vya shaba ya metali huitika kwa mitikisiko inayozidi ile ya chumvi yake kwa takriban 0.23%. Ziada hiyo hutokana na elektroni huru, ambazo uga huzigeuza kidogo.

Tatizo ni kwamba mawimbi hayo hupenya ngozi tu ya metali. Ndiyo maana wapimaji hutumia utando au unga. Mchanga wa kijitoni ni unga tayari, ila kila punje ina umbo lake na imelala upande wake, hata jibu lake hutoka limetawanyika.